Mama Balog Nyuma ya Usukani

Nilirudi kutoka Vietnam Jumapili moja ya kiangazi, mwaka 1968, bila kumwambia mtu yeyote. Nilitaka kumshtua mama. Aliyeshtuka ni mimi.

Mtaani kwetu Toledo, mashariki ya mto, pale sisi Wahungari tulipojazana kulizunguka kanisa letu, nyumba ilikuwa imefungwa. Nikapita nyuma, nikavuta mlango wa gereji. Ndani mlikuwa na doa la mafuta sakafuni na hewa tupu. Gari langu halipo!

Lile gari lilikuwa ndio ujana wangu wote. Nililinunua kwa mshahara wa kiwanda cha vioo, Pontiac GTO ya bluu, nikiwa sijaota hata ndevu vizuri. Miaka ile vijana wa Toledo tulikuwa wagonjwa wa magari yenye injini kubwa kuliko akili za wenyewe. Jumamosi tulizunguka barabara kuu madirisha wazi, nywele zikimeta mafuta, na kwenye taa tukingurumishiana injini kama majogoo wanaotunishiana mbawa. Msichana akikubali kukaa kiti cha mbele, wewe umeshafika peponi.

Mama yangu, Etel Balog, mjane, mshona mapazia, mwanamke mfupi wa kitambaa kichwani, hakuwa na hamu hata ya kuligusa. Akipita karibu yake alifanya ishara ya msalaba. "Hilo si gari," alikuwa akisema. "Hilo ni jeneza lenye redio."

Nilipoitwa jeshini nilimwomba jambo moja tu. "Mama, kila wiki liwashe, lingurume kidogo, halafu lizime. Betri isife." Nikamwonyesha pa kuzungusha ufunguo. Basi. Sikumfundisha kingine.

Sasa nimesimama gerejini, mkoba wa kijeshi begani, napiga kelele: "Nimeibiwa! Jamani, nimeibiwa!"

Kichwa cha jirani yetu, Mzee Lakatos, kikachomoza juu ya ua. Alinitazama kana kwamba ameona mzimu, kisha akajifuta macho.

"Ernie! Mungu mkubwa! Karibu nyumbani, kijana. Hujaibiwa. Gari analo mama yako."

"Mama hajui kuendesha!"

Yule mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Hajui? Haya, ingia kwenye gari langu twende. Tumeshachelewa. Hata padri ametutangulia."

Alinipeleka nje ya mji, kwenye uwanja wa mbio za magari katikati ya mashamba ya mahindi. Nilikuwa naujua ule uwanja. Niliwahi kushindwa pale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Magari mawili yalikuwa yamesimama kwenye mstari. La kushoto lilikuwa langu. Mlangoni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe: BIBI KABICHI. Watu wakapaza sauti: "Kabichi! Kabichi! Mtie adabu!"

Taa ikageuka kijani. Matairi yakalia, moshi ukapanda, na gari langu likaruka kama limechomwa mwiba. Niliduwaa mdomo wazi. Nilipozinduka, lilikuwa limeshamaliza, na yule mwenzake bado anahangaika na gia.

Gari likarudi taratibu. Dereva akashuka, akavua helmeti. Chini yake kile kitambaa.

Aliponiona, helmeti ilimponyoka. Alinijia polepole, akanishika mashavu, akanipapasa mabega na mikono, kisha akainama akanigusa magoti.

"Viungo vyote vipo," alinong'ona. "Vyote vimerudi."

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nashindana. Mbona umekonda hivyo? Umekula?"

Nyumbani aliniwekea sahani ya kabichi zilizoviringishiwa nyama, chakula kilekile kilichompa jina uwanjani. Hasira zilikuwa zimenipanda hata nikashindwa kumeza.

"Ulisema niwashe," akaanza yeye.

"Nilisema uwashe! Sikusema ukimbize!"

Alivuta kiti. "Mtoto wa majirani zetu kina Halasz alipouawa vitani," akasema, "walikuja wanajeshi wawili kwa gari, wakabisha mlango wao. Niliwaona kwa dirisha. Tangu siku ile kila gari likisimama hapa mtaani, sindano inanichoma kidole. Ila nikikaa gerejini, ile injini ikinguruma, sisikii anayebisha. Wiki moja nikaona haitoshi, nikaliwasha kila siku. Halafu nikawaza, nikiwa barabarani, hawatanikuta nyumbani kabisa."

Alijifundisha mwenyewe, akivunja ua wa Mzee Lakatos mara kadhaa. Siku moja kwenye taa, kijana mmoja alimpigia kelele, "Bibi, hilo gari umeliiba wapi?" Mama akamwacha akila moshi. Yule kijana alimfuata mpaka kanisani, si kwa ugomvi. Alitaka kumwalika uwanjani.

Hasira zangu ziliisha palepale. Nikavuta sahani, nikala.

Kesho yake nikaomba ufunguo. Niliketi nyuma ya usukani, nikaliwasha. Bomba la moshi likatoa mlipuko mmoja, ule niliokuwa nikiupenda. Nilijikuta nimelala kwenye viti, mikono kichwani, jasho linanitiririka. Mimi! Ndani ya gari langu mwenyewe! Nilijaribu tena, miguu ikakataa kukanyaga klachi.

Mama alikuwa mlangoni pa gereji. Alifungua mlango wa dereva.

"Sogea kule."

Alinitembeza mtaani polepole, kwa gia ya kwanza, kama anayebembeleza mtoto mchanga. Kesho yake tena. Majira yale yote nilikuwa fundi wake uwanjani, nikajizoesha ile ngurumo kidogokidogo nikiwa na spana mkononi. Majani yalipoanza kupukutika niliweza kuendesha mwenyewe hadi mtoni na kurudi.

Masika yaliyofuata, polisi alimsimamisha mama mbele ya kanisa kwa sababu ya kelele za bomba. Nilikuwa kando yake.

"Leseni, mama."

"Leseni gani?" akauliza mama kwa dhati kabisa.

Kumbe hakuwa nayo. Muda wote ule! Yule polisi alitutazama, akaangalia yale maandishi mlangoni, akatabasamu, na badala ya kumtoza faini akamtaka akafanye mtihani wa udereva. Mama alikwenda amevaa nguo ya kanisani, akarudi amefura kwa hasira. Alikuwa ameshindwa kuegesha kinyumenyume.

"Nani anaendesha kwenda nyuma?" akafoka, akitupa mkoba mezani.

Tuliweka mapipa mawili uchochoroni ili ajizoeze kuegesha, nikawa namwelekeza. "Kata, mama. Kata tena. Taratibu." Mzee Lakatos alisimama pembeni akiulinda ua wake kwa mwili wake.