Mzee Aliyekataa Kufa kwa Kiingereza

Kihispania nilikipata Havana, nilikokwenda kusomea ufamasia nikarudi Tanga na lugha bila cheti. Johannesburg nilikuja na ndoa. Ndoa ikaisha, jiji likabaki. Ndipo Kihispania kikanitafutia kazi: kutafsiri tamthilia ya Mexico ili iingizwe sauti za Kiingereza, katika nyumba kuukuu ya Troyeville ambayo sebule yake ilibandikwa magodoro ukutani kuzuia kelele za barabarani.

Watu wa tamthilia ile hawakuweza hata kunywa kahawa bila kulalamikia majaaliwa yao. Kwa Kiswahili ningemaliza kazi kabla ya chai ya saa nne: nuksi, mkosi, kisirani, balaa, imeandikwa, siku zimefika, basi. Kiingereza kilinipa maneno mawili matatu tu, tena kama yaliyovaa suti. Na bosi wetu, mama wa Kizungu ambaye miwani yake ilining'inia shingoni siku zote, alikuwa hajui Kihispania hata cha kuombea maji, ila kila Jumatatu alinikumbusha: "Punguza majaaliwa. Watazamaji wetu si watu wa kulialia hivyo."

Sauti ya mwenye shamba, baba wa mabinti watatu wakorofi, ilitolewa na mzee mmoja wa Soweto aliyewahi kutangaza redioni. Alikuwa na sauti nzito, ya kukufanya ukae vizuri kitini. Aliniita "sisi", yaani dada kwa Kizulu, nami miezi ya mwanzo kila akiniita niligeuka kutazama wenzangu wako wapi.

Siku moja tukafika pale mwenye shamba yuko kitandani, moyo umechoka, mabinti wamemzunguka. Kwa Kihispania anasema, "Me llegó la hora." Nikaandika Kiingereza chake kilekile: saa yangu imefika. Mzee akasoma, akavua spika za masikioni, akaziweka juu ya meza.

"Hii siisemi."

"Baba, anayesema ni mwenye shamba, si wewe."

"Sauti ni ya nani?"

"Yako."

"Basi huko juu inakosikilizwa, wataisikia sauti ya nani?"

Bosi alikuwa kwa daktari wa meno, na fundi wa mitambo alikuwa anatazama saa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na kalamu ikiwa mkononi mwangu bosi akiwa hayupo, mambo huharibika.

"Baba," nikamwambia, "je, ukisema umekaangwa?"

Nikamweleza. Kwa Kihispania mtu akisema "estoy frito", nimekaangwa, ana maana kwamba kwishney, hana pa kutokea. Akisema "estoy salado", nimetiwa chumvi, ana maana kwamba mkosi haumbanduki. Mzee akafikiri sana.

"Kukaangwa," akasema, "hakuna malaika wa kifo atakayeelewa."

"Hata kidogo, Baba."

Akavaa spika zake. Kwa Kiingereza safi cha redio, kwa huzuni ambayo sijaisikia tena, akawaambia mabinti zake kwamba amekaangwa, na kwamba tangu azaliwe alikuwa ametiwa chumvi. Fundi aliuma mkono wa shati lake. Mimi machozi yalinitoka, nusu ya kucheka, nusu ya kumwonea huruma yule mtu kitandani.

Bosi aliporudi, shavu limevimba, aliniuliza kama kweli Kihispania husema hivyo. Nikamwambia, neno kwa neno. Haikuwa uongo. Ila mwenye shamba mwenyewe hakuwa amesema hivyo, na hilo hakuniuliza.

Sehemu ile ilirushwa Jumamosi mchana, nami nilikuwa Berea, nasukwa na mwenzangu wa chumba, Mkongo kutoka Bukavu mwenye kiti chake katika saluni iliyo chini ya ghorofa yetu. Wateja wote walikuwa wamekaza macho kwenye televisheni, wengine na vitambaa tayari. Mwenye shamba akafungua mdomo. Amekaangwa.

Vitambaa vikabaki hewani. Kisha mwanamke mmoja aliyefunikwa dawa kichwani akauliza, "Kwa mafuta gani?"

Walicheka mpaka mmoja akateleza kitini. Mwenzangu akaacha kusuka, akaniinamia sikioni. "Dada, ni weye uliandika hii?"

"Suka," nikamwambia.

Jumatatu bosi alikuwa na rundo la malalamiko. Nilikiri kwamba kosa ni langu. Mzee akasema hapana, ni la wote wawili. Bosi akaamuru sentensi irekodiwe upya kabla ya marudio.

"Nitaisema," mzee akajibu, "lakini aanze yeye. Kwa lugha ya mama yake."

Nikaona kazi rahisi. Nikasogea kwenye maikrofoni, nikajitengeneza. "Saa yangu..." Nikajaribu tena. "Siku zangu..." Kwa Kihispania nilikuwa nimeyasema mara mia, tena kwa madaha, nikiosha vyombo. Sasa nikamwona mama yangu Tanga, anavyoshika kifua na kusema Mola apishe mbali hata akisikia tangazo la msiba wa mtu asiyemjua. Nikarudi nyuma. Mzee hakunicheka. Alinivutia kiti nikakaa.

"Jamani, ni maneno tu!" bosi akasema, akaja yeye. Akainamia maikrofoni, akavaa miwani, akakohoa. Halafu akavua miwani, akasema sauti yake ni ya kike, haitafaa.

Sote wanne tukaitazama maikrofoni. Mwishowe fundi akapendekeza tuache sauti ya asili. Ikawa hivyo: mwenye shamba, baada ya sehemu tisini za kugombeza watu kwa Kiingereza cha Soweto, aliinua kichwa na kufa kwa Kihispania.

Nilisubiri kufukuzwa. Lakini mwenzangu aliniambia kuwa marudio yalipoonyeshwa, wateja walilia sana, naye akawaeleza kwamba mtu akikaribia kufa hurudia lugha ya mama yake. Nikampelekea bosi maelezo hayo. Aliyapenda. Wiki iliyofuata nilimsikia kwenye simu akiwaeleza wenye kituo cha televisheni, kwa sauti ya mtu aliyefikiri kwa muda mrefu, jinsi wazo hilo lilivyomjia.