Asali ya Nyuki Wadogo

Kila alipojaza chupa, muuza asali jirani yangu pale Ng'ambo aliufuta mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akakilamba taratibu kama mtu anayeonja asali kwa mara ya kwanza. Hata wateja waliombishia bei aliwaita shemeji. Dawa za virusi vya UKIMWI tulichukua kliniki moja, mimi mzoefu, yeye ndiyo kwanza ameanza. Siku moja, pale kwenye benchi la kliniki, alikohoa mpaka mabega yakatikisika. Zamu yake ilipokaribia, alitoa mfukoni kichupa cha asali ya nyuki wadogo, akanywa funda moja, kifua kikatulia.

"Si uwaambie, jirani?" nikamnong'oneza.

"Wataniongezea vidonge. Hivi vyenyewe bado vinanishinda."

Alipoingia, mlango haukufungwa vizuri, nikamsikia nesi. "Unakohoa, baba?"

"Hapana, mwanangu," akajibu, kwa sauti safi kabisa.

Kifua kikuu kilimmaliza kabla ya mvua. Siku hizi mezani pake anakaa mjane wake, Asmahani. Mtu akiulizia asali ya kikohozi, hagusi chupa kwanza. "Umekohoa tangu lini?" anauliza, na anasubiri jibu.