Ndizi ya Mama Mukasine Ilivyorudi Mushaki

Mushaki nzima inajua: Mama Mukasine hasalimii mtu kabla hajasalimia migomba yake. Asubuhi, hata chai hajanywa, anapita kati ya mashina, anayagusa moja moja na kuyauliza yalilalaje. Watu wanacheka. Acha wacheke! Binadamu ana tumbo kubwa na kumbukumbu ndogo.

Ndizi hiyo aliirithi kwa mama yake mzazi. Katika ukoo wao binti haolewi mikono mitupu, anaondoka na chipukizi moja la mgomba, amelibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Mukasine alibeba lake mpaka Mushaki. Mdogo wake Chantal, aliyeolewa mbali kule Mubi, katika misitu ya Walikale, alipanda nalo lori. Ndizi yenyewe haifanani na nyingine: shina lake jekundu utadhani limepakwa mawese, vidole vyake vinene vimepinda kuangalia juu. Kasiksi yake, yaani pombe ya ndizi hiyo, weee! Ukipewa kikombe kimoja unasahau uliyegombana naye.

Wakati ule ndizi zilikuwa zinatelemka kutoka milima ya Mushaki kwenda soko la Sake, lori juu ya lori. Na siku ya kukata ndizi za pombe, jirani alikuja na panga lake begani bila kuitwa. Kumwambia jirani aweke panga lake chini ilikuwa sawa na kuukataa mkono wake. Wa kwanza kufika siku zote alikuwa Papa Habumugisha, mzee wa ng'ambo ya kijito, mtu wa mzaha mwingi na mkono mwepesi.

Basi kikaingia kirabiranya, ugonjwa wa migomba. Majani yakawa manjano, yakanyauka na mvua inanyesha. Ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukimenya unakuta ndani kumeoza. Shamba la Habumugisha likaenda la kwanza, la Mukasine likafuata, kisha kilima kizima. Agronome Yves, mtaalamu wa kilimo, alipokuja aliwakusanya mbele ya kanisa akawaambia bila kuzunguka:

"Ugonjwa iko inatembea na mupanga. Munakata mugomba mugonjwa, munaenda kukata muzima. Munaupeleka nyinyi wenyewe."

Watu wakatazamana. Kumbe walikuwa wanauana kwa kusaidiana! Papa Habumugisha aliinamisha kichwa, akaondoka kabla ya maombi ya kufunga mkutano. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena shamba la Mukasine. Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na mtu akijilaumu mwenyewe, nani atamtetea?

Mukasine aling'oa kila shina kwa mikono yake huku analia, akapanda maharagwe na mihogo kama Yves alivyoagiza. Mume wake Edmond akataka kumfariji. "Ndizi ni ndizi tu," akasema, "tutanunua sokoni." Ndizi ni ndizi tu! Neno hilo halijasamehewa mpaka leo.

Na kweli wakaanza kununua. Ila dunia ilikuwa imegeuka: ndizi zilizokuwa zikitelemka kutoka kwao, sasa zikawa zinapanda kuja kwao, zimetoka Walikale kwa pikipiki na malori siku barabara inapokubali. Mlima ukawa unaomba msitu chakula. Mukasine alinunua kwa shingo upande, na kila mkungu aliukagua kwanza, maana moyoni alitafuta kitu kimoja tu: ile ndizi ya mama yake. Alijua anajidanganya. Chantal alikuwa amekimbia vita mara nyingi, miaka ikapita bila habari yake, na nani anakimbia na mgomba?

Siku moja ya soko, lori likashusha mizigo kando ya barabara. Mukasine akaona mkungu wenye kikonyo chekundu, vidole vimepinda kuangalia juu. Alipiga yowe, watu wakafikiri ameng'atwa na nyoka.

"Hii imetoka wapi?"

"Mubi, Mama," dereva akajibu. "Kwa Mama Guy."

Guy ni mtoto wa kwanza wa Chantal. Mukasine akakaa chini pale pale, kwenye vumbi, mkungu mapajani. Dereva alikuwa na namba ya simu. Chantal alipoitika, wote wawili walilia kwanza, ndipo wakaongea.

"Dada, mimi nilikimbia, mugomba yeye alibaki," Chantal akasema. "Nilirudi nikakuta musitu imekula nyumba yote. Hakuna mulango, hakuna ukuta. Ndizi ya Mama tu njo ilikuwa imesimama, na watoto yake pembeni, kama inatungojea."

Mgomba hauna mbegu. Mtoto anatoka kwenye mwili wa mama, na mama huyo kwenye mwili wa bibi. Basi shina la Mubi lilikuwa lile lile ambalo mama yake alilishika kwa mikono yake. Mama alikuwa kaburini, na mama alikuwa Mubi anazaa. Mungu wangu, nani anaweza kuelewa jambo kama hilo!

Machipukizi yakaja kwa lori, yamefungwa kwa kitenge. Yves akayapima, akakuta hayana ugonjwa, akakubali. Kule juu baridi inachelewesha mambo, lakini yakashika, yakaongezeka, na mwaka huu mikungu ya kwanza ikakomaa.

Siku ya kukata, Mukasine aliwasha moto kwenye mlango wa shamba. Kila jirani aliyefika alichoma panga lake kwanza kuua ugonjwa, kisha akaingia. Vijana wakauita ubatizo. Mapanga yakapita, vicheko vikarudi, ila Mukasine hakuruhusu mtu akate. Alikuwa anaangalia kijito.

Mwisho Papa Habumugisha akatokea. Alikuja polepole, akasimama mbali na moto, mikono nyuma kama mtoto aliyevunja chungu. Hakuwa na panga.

"Nimekuja kuangalia tu, Mama," akasema.

"Mupanga yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani. Unajua sababu."

Mukasine akaongeza kuni motoni.

"Rudi uilete, Papa," akasema. "Wa kwanza kukata ni wewe. Tutakungojea."

Mzee alimwangalia. Kisha akageuka, akashuka kuelekea kijito, na wote walimwona: alikuwa anakimbia.