Nilibadilisha jina la Mama Bahati kwenye riwaya yangu, kompyuta ikamtaja

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo vipi.

Ninachoandika hapa hakina chumvi. Chumvi yangu yote niliimalizia kwenye riwaya, na ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Busale. Nafanya kazi steshenari moja pale Ipinda: kuchapa barua, kutoa kopi, kufanya lamination ya vyeti. Mchana wateja wakipungua nilikuwa naandika riwaya kwenye kompyuta ya bosi. Bosi kama upo humu, nisamehe.

Nje ya duka letu alikuwa anauza vyungu mama mmoja, Mkisi wa kule ziwani aliyeolewa huku. Tunamwita Mama Bahati, kwa jina la binti yake. Kanisani ndiye aliyekuwa anasoma Neno kwenye ibada ya akina mama. Anasimama, anafungua Kitabu, anasoma taratibu bila kukwama. Watu walikuwa wanampenda mno.

Siku moja akaingia dukani, akafunga mlango, akaniambia hajui kusoma. Hata herufi moja.

Kumbe Bahati ndiye aliyekuwa akimsomea nyumbani, yeye anakariri. Sasa Bahati kaolewa Tunduma. Akaniomba nishike nafasi hiyo.

Basi kila Jumamosi nikawa namsomea mara tatu, anayashika yote, Jumapili anasimama na Kitabu kiko wazi mikononi.

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru siku ile ya kwanza. "Ila hili libaki humu ndani."

Nikasema litabaki. Jumatatu nikaanza kuliandika.

Sijitetei wakuu, stori ilikuwa tamu. Kabla ya hapo nilikuwa nahangaika na mapenzi ya Masaki, mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Huyu mama akanipa kitabu kizima bila kujua.

Draft niliiandika kwa jina lake halisi, kwa sababu kila nikimpa jina jingine alikuwa anaongea kama mtangazaji wa redio. Nikasema nitabadilisha mwishoni.

Ilipoisha nikampa mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku kikazi. Alinirudishia wino mwekundu umejaa kila ukurasa. Nikarekebisha, akarudisha, nikarekebisha tena. Ilichukua miezi minane, na kuna siku nililia kabisa juu ya keyboard.

Mwishoni akaniuliza, "Huyu mama yupo kweli?"

Nikasema yupo.

"Badilisha jina. Halafu nenda kamwombe ruhusa."

La kwanza nililifanya kwa dakika moja. La pili sikulifanya kabisa. Nilijua anaweza kukataa, na mimi nilishajiona mwandishi.

Sasa sikilizeni hiyo dakika moja. Find: Bahati. Replace: Zawadi. Replace All. Kwenye Find sikuweka neno "Mama" ili jina la binti yake nalo libadilike. Nikajiona mjanja, nikatuma Mbeya ikachapwe bila kuisoma tena.

Vitabu vikafika, nikavipanga kaunta. Wa kwanza kununua alikuwa mwanakwaya mwenzangu. Kesho yake karudi anacheka hana mbavu.

"Dada, hii 'kwa Zawadi mbaya mvua ikanyesha' ndiyo nini?"

Nikafungua. Kwa Zawadi mbaya. Kwa Zawadi nzuri. Kuna jamaa kwenye sura ya nne alikuwa anacheza Zawadi nasibu.

Na mimi nikacheka. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Kwa hiyo kila palipokuwa na Bahati umeweka Zawadi," akasema. "Na huyu Mama Zawadi asiyejua kusoma..." Akageuka akatazama nje, kwenye vyungu.

Nilimsihi anyamaze. Kwa Ipinda hii ninayoijua mimi, haikufika Jumapili kabla habari haijaenea.

Siku hiyo Mama Bahati aliposimama, mama mmoja akamwambia kwa upole kabisa, "Leo tusomee sura inayofuata, mama. Hiyo uliyoandaa tutaisikia siku nyingine."

Akafungua Kitabu. Akakitazama muda mrefu. Akasema amesahau miwani.

Hajawahi kuwa na miwani. Nyuma watu wakaguna, wengine wakacheka.

Mimi nilikuwa benchi la tatu. Ningeweza kusimama nikasoma badala yake. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Jumatatu akaja dukani. Safari hii hakufunga mlango. Akachukua kitabu kimoja kaunta, akanipa.

"Nisomee nilipo mimi."

Nikasoma, sauti inakatika kila penye "Zawadi mbaya". Nikafika sura ya mwisho, ambayo mwalimu aliisifu kuliko zote: binti wa steshenari anamfundisha Mama Zawadi kusoma, kanisa zima linapiga makofi.

Hapo akanikatisha. "Huyu binti ndiye wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka miwili nakuja kwako kila Jumamosi. Humo kitabuni umenifundisha. Mimi mbona hukunifundisha?"

Ukweli ni kwamba wazo lilinijia zamani, nikaliacha. Akijua kusoma asingekuja tena, na mimi nilikuwa sijamaliza sura zangu. Naona aibu hadi kuliandika.

Vitabu nimeviondoa kaunta. Yeye kahamishia vyungu mbele ya duka jingine, na kanisani anasoma mtu mwingine.

Nilichojifunza ni kwamba ukimchukua mtu mzima mzima ukamtia kitabuni, kumbadilisha jina hakumfichi. Mwalimu alinipa kazi mbili, nikafanya ile isiyohitaji kumtazama mtu usoni.

Wiki iliyopita nilimfuata nikamwomba nimfundishe kusoma. Akafuta chungu kimoja, akakiweka chini, akaniuliza, "Nikikubali, na hilo utaliandika?"

Nikamwambia hapana, mama. Sitaandika tena habari zako hata mstari mmoja.

Haya, mmesoma. Nichaneni.