Tanuri Nyuma ya Nyumba ya Jaji

Pale kilimani kila mtu alimwita Dobi. Hata mkewe alimwita hivyo hivyo, kwa utani, kama mteja aliyefuata shati lake. Alifika kwenye nyumba ile akiwa kijana wa nywele nyeusi tii, akaajiriwa kufua na kupiga pasi nguo za Jaji, za mke wa Jaji na za binti yao wa pekee, ambaye watumishi walimwita Bibi Mdogo. Ilikuwa nyumba kubwa ya mawe, mbali na mji. Jaji aliijenga ili apumzike na kelele za mahakama. Nyuma, ng'ambo ya karo la kufulia, palikuwa na vyumba viwili vya watumishi. Humo Dobi alimleta mkewe, na humo binti yao alizaliwa.

Jaji alipofariki, mjane alihamia kwa ndugu zake. Bibi Mdogo alikuwa ameshaolewa nchi ya mbali. Mpishi akaondoka, mtunza bustani akaondoka. Dobi na mkewe wakaambiwa, "Nyinyi kaeni, mwangalie nyumba." Wakakaa. Viti na meza vilifunikwa mashuka, na kila baada ya muda mkewe aliyavua, Dobi akayafua na kuyapiga pasi, kisha wakavifunika tena viti ambavyo hakuna aliyekuja kuvikalia.

Mkewe alifariki msimu wa mvua kubwa. Homa ilimwanza Ijumaa; Jumapili hayupo. Daraja la bondeni lilikuwa limezolewa na maji, gari halipiti. Binti yao, ambaye sasa alikuwa na kazi na mume mjini, alipofika alikuta kaburi. Dobi na jirani mmoja walikuwa wamemzika mama yake nyuma ya karo, wakapanga mawe juu.

Siku ile Dobi alishangaa jinsi mikono yake ilivyofanya kazi bila matata. Alingoja kilio, hakikuja. Watu wakasema, "Mwacheni, kitamjia tu." Msiba ukaisha, mwaka ukaisha, wapi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Ila mguu, ukiunyoosha, huamka.

Kisha Bibi Mdogo akarudi, mvi kichwa kizima, ndoa imemshinda. Akasema nyumba itakuwa mahali pa wasanii: wachoraji, waandishi, wanamuziki, waje wakae mwezi mzima na kazi zao. Banda la gari likawa chumba cha kuchorea. Ofisi ya Jaji akapewa mpiga fidla mmoja aliyerudia vipande viwili vitatu vya wimbo kutwa nzima, mpaka kuku wakahama upande ule.

"Wasanii wanahitaji utulivu," Bibi Mdogo alimweleza Dobi.

Dobi aliitikia kwa kichwa. Utulivu yeye alikuwa nao tele. Angeweza kuwapimia kwa debe.

Kila kundi jipya lilipofika, Bibi Mdogo aliwakusanya wageni barazani jioni, akawasimulia historia ya nyumba: baba yake alivyochagua mawe, wakubwa waliolala humo, karamu zilizofanyika. "Halafu," alisema kila mara, "nyumba ikakaa tupu miaka mingi." Dobi akipita na taulo alilisikia lile neno, tupu. Halikumchoma. Alilisikia tu, kama mtu anavyosikia mlango ukifungwa nyumba ya pili.

Mwaka wa pili akaja mfinyanzi, mwanamke wa viganja vipana, na Bibi Mdogo akaamua kujenga tanuri la kuchomea vyungu. Wakatafuta mahali, wakapapenda nyuma ya karo: tambarare, mbali na paa. Nyasi zilikuwa zimeshapameza pale, na mawe mengi vibarua wa bustani walikuwa wameyahamisha kuzungushia maua. Wakapigilia vigingi, wakavuta kamba.

"Dobi!" Bibi Mdogo aliita kupitia dirisha la chumba cha pasi. "Hapa panafaa, eti?"

Dobi alitazama kamba. "Panafaa," akasema, akarudi kwenye foronya zake. Kwa nini alijibu hivyo, hata yeye baadaye hakuweza kujieleza.

Jioni binti yake akapiga simu, kama kawaida yake.

"Habari za huko, Baba?"

"Nzuri. Wanajenga tanuri la vyungu."

"Wapi?"

"Nyuma ya karo."

"Nyuma ya karo wapi, Baba?"

"Pale pale."

"Baba! Wanataka kumfukua Mama, na wewe unapiga pasi?"

"Mashuka yalikuwa mengi," Dobi akajibu, na alipojisikia akisema hivyo alijua ni jibu la mtu aliyepungukiwa. Binti akaangua kilio. Dobi alishika simu, akamsikiliza kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani. Hatimaye binti akapenga kamasi.

"Kesho asubuhi pasi usiiguse. Nenda ukawaambie. Usipowaambia, nakuja mwenyewe, na hapo hatutaelewana."

"Nitawaambia, mama."

Asubuhi mafundi walikuwa wameshika majembe. Dobi akaivuka kamba, akasimama katikati.

"Hapa pana mtu."

"Mtu gani tena, mzee?" fundi mmoja akacheka.

"Mke wangu."

Majembe yakashuka polepole. Mfinyanzi, aliyekuwa ndani ya kamba, akatoka kinyumenyume, kama aliyekanyaga kitanda cha mtu. Bibi Mdogo akaja mbio.

"Dobi, si jana nilikuuliza?"

"Uliuliza kama panafaa, Bibi Mdogo."

"Mimi nilidhani alizikwa kwao... Yeye ndiye aliyekuwa akinisuka nywele." Akaanza kulia, hana hata kitambaa. Dobi akampa leso yake, imenyooshwa kwa pasi kama kadi.

Tanuri likahamishiwa bondeni. Mfinyanzi aliyakusanya mawe kutoka kwenye maua, akimwuliza Dobi lipi la kaburi na lipi silo. Dobi hakuyakumbuka, basi wakayapanga yote. Binti akaja Jumamosi, akafagia, akalia hadi akatosheka. Dobi alisimama kando yake, kashika ufagio wa pili.

Kundi lililofuata lilipoketi barazani, Bibi Mdogo alisimulia mpaka akafika kwenye lile neno, tupu, akamgeukia Dobi. "Hapana," akasema. "Haikuwa tupu. Dobi, waambie."

Dobi alikuwa na taulo mikononi. "Tulikaa hapa mimi na mke wangu," akasema. "Alikuwa mtu wa kucheka."

"Alikuwa akicheka nini?" mgeni mmoja akauliza.

Dobi akafikiri. "Suruali ya Jaji. Tumbo lilimzidi, kifungo kikawa hakifiki. Kila nikiianika, mke wangu anasema: huyu anafunga watu kila siku, na suruali yake haifungiki."

Baraza zima likavunjika kwa kicheko. Bibi Mdogo alicheka mpaka akashika nguzo. Dobi aliwasikia kwa mbali, kama mwenye maji masikioni. Akangoja kidogo, aone kama kuna kitu kitatikisika ndani. Kisha akawagawia taulo, akaenda kuanua mashuka, maana wingu lilikuwa limeanza kutanda.