Muuguzi Aliyemwita Papa

Mwaka 2004, Naftali, msafishaji mabasi wa mtaa wa Walthamstow, ughaibuni, alianza kupiga pasi shati jeupe kila Jumamosi asubuhi. Mkewe Bridget, aliyetunza wazee katika makao ya wazee ya karibu, alilitazama shati lile na roho ikamkereketa. Mume aliyezoea kuingia kanisani na sweta lenye tundu sasa alijipodoa ili aende kliniki ya karibu na soko, ambako mtu huingia bila miadi na kuonwa na muuguzi.

“Ni kikohozi tu,” alisema Naftali.

“Kikohozi kinachotaka kola iliyonyooka.”

Muuguzi huyo aliitwa Émilienne, Mkongo wa Bukavu. Bridget hakuwahi kumwona, lakini alimsikia kila walipoketi mezani, maana Naftali alipenda kuiga Kiswahili chake. “Ananiita Papa, ndiyo baba kwao,” alisema akicheka peke yake. Bridget, ambaye alikuwa amemwita Baba Collins tangu mwana wao azaliwe na hakuwahi kumchekesha hivyo, aliondoa sahani kabla mumewe hajashiba.

Jumamosi moja Naftali alikomea kwenye kifungo cha pili cha shati. Alikaa kitandani, jasho jembamba likimtoka, kiganja kikikandamiza kifua.

Bridget alijua la kufanya. Kazini walifundishwa: kifua kikibana, ita ambulensi, mgonjwa apelekwe idara ya dharura. Tayari alikuwa ameshika simu.

“Twende kliniki tu,” alisema Naftali. “Émilienne ananijua.”

Bridget aliirudisha simu mahali pake.

“Haya. Twende kwa huyo anayekujua.”

Alitaka kumwona kwa macho yake. Alivaa koti la Jumapili na kupaka rangi ya midomo, huku mumewe akimngoja ameegemea ngazi. Njiani Naftali alisimama mara kwa mara, akishikilia nguzo za vibanda vya soko, na ndipo hofu ilipoanza kumwingia Bridget.

Émilienne alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning’inia kifuani. Hakutabasamu. Alimtupia Naftali jicho moja, akamketisha, akaagiza ambulensi iitwe.

“Papa, nilikuambiaka nini? Kifua kikirudia, wende ku hopitali, si hapa.” Akamgeukia Bridget. “Mama, hakukuambia? Mwezi muzima sasa.”

“Sikutaka uogope, Mama Collins,” alisema Naftali kwa sauti ndogo.

“Na hilo shati?”

“Mtu haendi kwa daktari na sweta lenye tundu.”

Wahudumu wa ambulensi walipofika waliuliza maumivu yalianza lini, yanafika mkono upi, mgonjwa anatumia dawa gani. Bridget alimgeukia muuguzi. Émilienne alijibu yote. Ndani ya gari, akiwa ameshika mkono wa mumewe, Bridget aligundua kwamba wivu haukuwa umemtoka. Vile vicheko angeweza kuvisamehe. Mwezi mzima wa Émilienne kuyajua maumivu yale kabla yake, hapana.

Naftali alilazwa hospitalini, akapona. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai, Bridget alisimama mbele yake.

“Panauma wapi leo?”

“Hapaumi.”

“Pakiuma, wa kwanza kuambiwa ni mimi. Yule wa Bukavu angoje zamu yake.”