Kikombe cha Abduba

Zamzam si mvivu, na anayesema hivyo hamjui. Mwanamke aliyekamua ng'ombe kumi kabla ya jua kuchomoza, miaka ishirini mfululizo, uvivu ameutoa wapi? Lakini mwaka jana mwili ulimgomea. Akawa anasinzia ameshika kibuyu, anatetemeka kwa baridi katika joto hili letu la Garsen, uso umevimba, sauti inakwaruza. Wifi yake, Binti, akaanza kumkamulia, na midomo nayo haikufungwa: ati anadeka.

Jamani, ilimuuma! Kukaa kitako huku mwingine anakamua ng'ombe wake kulimfanya ajione mgeni kwake mwenyewe. Alitaka kitu kimoja tu, arudi zizini.

Hospitali walimpima damu, wakakuta tezi ya shingoni haitoi homoni ya kutosha. Akapewa vidonge vya kufidia, kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Mumewe, Abduba, akajitwika kazi hiyo. Kila alfajiri alimletea kidonge na kikombe cha maziwa ya moto, maana dawa itamchoma tumbo tupu, nani asiyejua? Miezi mitatu hakukosa hata siku moja. Zamzam akabaki vilevile.

Waliporudi, Daktari Lorna alitazama majibu ya damu, akashangaa.

"Mama, dawa unameza kweli?"

"Wallahi nameza. Baba Rayyan hunishikia kikombe."

"Kikombe cha nini?"

"Cha maziwa," Abduba akajibu kwa fahari.

Lorna akaweka kalamu chini. Akawaeleza polepole kwamba maziwa huizuia dawa hii isiingie mwilini. Imezwe alfajiri kwa maji matupu, chai ingoje saa nzima, maziwa yangoje mpaka saa nne.

Nje ya lango Abduba alisimama, macho chini.

"Kumbe ni mimi niliyekuzuia kupona, Mama Rayyan."

"Wee, koma! Wote waliniita mvivu. Wewe uliamka kunichemshia maziwa. Sasa utaniletea maji, basi."

Akaleta maji. Wiki ya saba, Zamzam alijiamkia mwenyewe, akaenda zizini. Binti alikuwa ameshachuchumaa.

"Nipishe, wifi."

Binti akamtazama, akainuka bila ubishi, akampa kibuyu. Zamzam akachuchumaa, akashika chuchu. Ng'ombe hakushtuka. Alimjua.